Pampu Mbele ya Mlango wa Mkwe

Ukienda boma la watu kupigana na malaria, usiulize mwenye boma ni nani. Huyo utamwona tu, amekaa kwenye kiti, na atakukubalia kila kitu. Uliza ufunguo wa chumba cha kulala uko kwa nani. Nawaambia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, na mikoba yenu ya mgongoni na simu za kazi mlizopewa, kwa sababu mimi nilipiga dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba za watu mpaka magoti yakakataa, na hilo la ufunguo hakuna aliyetufundisha.

Mimi ni Mama Chebet. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, nilienda kuchuna majani chai kwenye estate vidole vyangu vikiwa bado vidogo. Nyumba ninayokaa nimejenga mwenyewe. Watoto watano nimesomesha mwenyewe baada ya baba yao kufariki. Ng'ombe mnaowasikia hapo nje, hakuna aliyenipa hata mkia. Nasema mapema ili mtu asidhani naomba huruma.

Nimekaa kuandika kwa sababu msichana mmoja wa kikundi chenu alikuja kwangu juzi, akanywa chai, akaniita kogo, yaani nyanya, akaniuliza, "Kogo, kwa nini wanaume wa huku hawaji kwa mikutano ya malaria?" Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nyanya wa watu nikamwambia, mwanangu, wakati wetu shida ilikuwa ni hiyo, kwamba walikuja. Hakuna mtu aliwashinda kuja.

Baraza la chifu kuhusu malaria lilikuwa linaitishwa saa ile ile ambayo majani yanapimwa kituoni. Sasa nani yuko kwenye foleni ya kupima majani na kikapu mgongoni? Mwanamke. Nani yuko huru kukaa kwenye nyasi na kuzungumza juu ya mbu? Mnajua wenyewe. Wakaunda kamati ya malaria. Ilikuwa na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, mwandishi, na mweka hazina, ingawa hazina yenyewe haikuwepo. Mkutano mzima ulikwisha wakibishana kama makamu anaruhusiwa kukaa kwa kiti cha mwenyekiti siku mwenyekiti akiwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa mara nyingi. Alikuwa na malaria.

Wanawake nao walifundishwa kliniki, siku ya kupima watoto uzani. Huko nesi alieleza vizuri: mbu anauma usiku, anatua ukutani kupumzika, mwenye mimba alale ndani ya neti, ukiona joto usingoje. Mwanamke anarudi nyumbani na hayo maneno yakiwa bado moto, anamweleza bwana. Bwana anasema kamati haijajadili hiyo.

Kwa hivyo elimu ya mbu ilikatwa vipande viwili. Wanaume waliijua malaria ya nchi nzima, na wanawake waliijua ile ya nyumbani. Hivyo vipande viwili vilikuwa vinakutana mahali pamoja tu, kitandani, na hapo kila mtu amechoka.

Hata neti zilipokuja, mambo yalikuwa ni hayo. Mzee mmoja upande wetu alikuwa na wake wawili na neti moja, na neti ilikuwa yake kwa sababu ndiye aliyepanga foleni. Basi alikuwa anatembea nayo. Akienda kwa mke mkubwa, neti iko kwapani kama koti. Akienda kwa mdogo, neti iko kwapani. Mbu waliijua ratiba ya huyo mzee kuliko wake zake.

Lakini nyinyi mnataka kusikia habari ya pampu.

Ilikuja habari kwamba nyumba zote za pande zetu zitapigwa dawa ukutani kabla ya mvua ndefu. Huku kwetu kwenye chai ni baridi, na watu walizoea kusema malaria ni ya Chebunyo na Siongiroi, kule chini kwenye joto. Halafu miaka ikabadilika, baridi ikapungua, na malaria ikapanda mlima ikatukuta bila kinga. Mtu wa huku haumwi kidogo. Anaanguka.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu wa kwanza, Chebet, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, na mvua iliyopita malaria ilimshika akiwa na mimba kubwa. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na mvua ilikuwa inakuja vile vile kama ya kwanza. Nilitaka kuta za nyumba ya Chebet zipigwe dawa kabla ya hiyo mvua. Hiyo tu. Mambo mengine yote ninayowaeleza hapa yalifuata tu hilo moja.

Nikaenda kuomba kazi. Aliyeandika watu ni supavaiza wetu, Arap Langat, mzee wa rika moja na marehemu bwanangu. Akaniangalia akasema kazi ya pampu ni ya wanaume, pampu ikijaa ni nzito, lakini ninaweza kuchota maji ya kuchanganya dawa na kuosha pampu jioni. Yaani kubeba mtungi wa maji kutoka mtoni mpaka juu, hiyo si nzito. Ikishaingia kwenye pampu ndiyo inakuwa nzito. Nilikubali. Nilichota maji, na wakati wanafundishwa nilikuwa napitapita hapo karibu na ndoo, na masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine.

Nimpe Arap Langat haki yake. Mkono wake ulikuwa mzuri. Alituonyesha, yaani aliwaonyesha: kichwa cha mpira wa pampu kikae mbali na ukuta kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Unaanza juu, unashuka polepole bila kusimama, unapiga hatua moja kando, unapanda. Mstari mmoja ulalie ukingo wa mwingine. Ukienda haraka, ukuta unalowa machozi tu na mbu anacheka. Ukikawia, dawa inatiririka chini na unalisha sakafu. Na kila mara unatikisa pampu, dawa isilale chini. Mpaka leo nikimwona mtu anapaka rangi nyumba, mkono wangu unawasha.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa ambalo lingeweza kufanyika huku kwetu tu. Aliambiwa na wakubwa achague watu wa hapa hapa, wanaojulikana, ili wenye nyumba wasiogope. Akachagua watu wanaojulikana kabisa. Alichagua rika lake. Wote wazee wenzake, walipashwa tohara pamoja, watu wazima wa kuaminika, hakuna mlevi sana. Akapewa eneo la kwanza: ng'ambo ya mto.

Sasa mnaotoka mbali niwaeleze. Sisi hatuoi ndani ya ukoo. Wanaume wa upande wetu wamekuwa wakioa ng'ambo tangu mto uwepo, na wasichana wetu wanaolewa huko huko. Mwanaume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake, hata nyumba ikiwaka moto atafikiria kwanza. Na mtoto wa kike wa mtu wa rika lako ni mtoto wako, kwa hivyo chumba anacholala na bwana wake huwezi kukanyaga. Haya, hesabuni wenyewe. Wamama wazee wote wa ng'ambo walikuwa mama wakwe wa hiyo timu. Wake vijana wote wa ng'ambo walikuwa mabinti wa hiyo timu. Wazee walivuka mto na ovaroli mpya, gambuti mpya, barakoa shingoni, na hakukuwa na chumba cha kulala hata kimoja ambacho wangeweza kuingia.

Walipiga dawa sebule. Walipiga jikoni. Walipiga zizi la ndama, ambaye hakuwa ameomba. Na walipiga vibanda vya wavulana waliopashwa tohara, kwa sababu huko hakuna heshima ya mtu yeyote. Vibanda vya wavulana wa ng'ambo vilipigwa mara mbili. Sidhani kuna vijana Kenya nzima walilindwa na mbu kama wale, na wale ndio walikuwa hawalali nyumbani.

Mbele ya kila nyumba ilikuwa ni maigizo yale yale. Arap Langat anasimama mbali, anakohoa, anamsalimu mwenye boma. Mwenye boma anasema karibuni, kamati ilishapitisha, pigeni dawa. Arap Langat anauliza kama chumba cha ndani kiko tayari. Mwenye boma hajui. Ndani kuna nini, mlango una ufunguo gani, kitanda kinasogea au hakisogei, yeye anajua pa kulala tu. Mama yuko kwenye majani, ufunguo uko kwenye leso ya mama. Arap Langat anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Anasema basi, tutarudi. Hawakurudi.

Siku moja tulikuta kikongwe yuko nyumbani. Alikuwa mama mkwe wa Arap Langat mwenyewe. Ameshatoa vyombo vyote nje, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, amevifunika kwa leso mbali kabisa na nyumba, kuku amefungia, yuko tayari kuliko sisi. Arap Langat alipomwona akageuka akaangalia mlima. Wenzake nao wakaangalia mlima. Kikongwe akangoja, akangoja, halafu akaniita mimi niliyekuwa na mtungi.

"Wewe mama," akasema, "hawa wanaume wamekuja kuua mbu ama kuchunga hiyo mlima isitoroke?"

Nikaweka mtungi chini. Nikamwambia Arap Langat anipe pampu.

Akaanza yale maneno. Kwamba ni nzito. Nikamwambia kikapu changu cha majani mabichi kikijaa napanda nacho mteremko wa kituo mvua ikinyesha, na hiyo pampu inaweza kukaa ndani yake kama mtoto. Akasema dawa inaharibu kizazi cha mwanamke. Nikamwambia kizazi changu kilishafunga duka. Akasema mwanamke hajafunzwa. Nikamwambia, juu kwenda chini, kiwiko hadi kidole, mstari ulalie mstari, tikisa. Akaangalia mlima tena, halafu akavua mkanda wa pampu begani.

Niliingia kwa kikongwe nikapiga kila ukuta. Nilipotoka, wazee walikuwa wamekaa kivulini, na mmoja alikuwa ameshakwenda kuchota maji.

Kuanzia hapo kazi ilienda. Mimi ndani, wao nje wakichanganya dawa, wakipampu, wakiongea na mwenye boma ili asinisumbue, na kwa hiyo kazi ya kuongea niseme ukweli, walikuwa hodari. Wanawake walinifungulia milango ambayo bwana zao hawakujua ina kufuli. Nilijifunza mambo ambayo nawaachia nyinyi. Msimwambie mama atoe vyombo, mwambieni atoe maziwa. Akishatoa maziwa, vyombo vitafuata vyenyewe, kwa sababu hakuna mama wa huku atakayekubali mursik inuke dawa. Mwambieni kwamba dawa inaua kunguni na mende pia. Neno kunguni lilinifungulia nyumba nyingi kuliko neno malaria. Na mende wakishakufa, wafagiliwe watupwe chooni kabla kuku hawajafunguliwa. Hilo tulilisahau kwa boma moja, na jogoo wa mwenyekiti wa kamati akafa. Kwa huyo jogoo waliitisha mkutano wa dharura.

Wanawake nao si malaika. Wengine walikuwa wanapaka ukuta upya kwa kinyesi cha ng'ombe wiki iliyofuata, ili wageni wa sherehe wasione madoa ya dawa. Dawa yote imezikwa chini ya urembo. Niligombana nao hao kuliko nilivyogombana na mwanaume yeyote.

Basi tukaendelea hivyo, nyumba kwa nyumba, na mawingu yakaanza kukaa juu ya Kericho kila alasiri. Tukafika kwa Chebet.

Nilikuwa nimeona siku hiyo ikija, na kila asubuhi nilijiambia tutapata njia. Njia haikuwepo. Kama vile mwanaume haingii chumba cha mama mkwe, mama mkwe naye haingii chumba cha mume wa binti aliyemzaa mwenyewe. Nyumba zote za ng'ambo ningeweza kuingia isipokuwa hiyo moja iliyonivusha mto. Na msiniambie ningeingia tu. Ningeingia, na nikishaondoka, Chebet ndiye angebaki akiishi na hayo maneno, mwanamke ambaye mama yake aliona kitanda cha mkwe. Arap Langat na wazee wake hawakuweza, Chebet ni mtoto wa rika lao. Mwanamke mwingine anayejua pampu hakuwepo. Tulisimama kwenye uwanja wa binti yangu, mimi na timu nzima, tukaangalia mlima.

Chebet alikuwa amekaa kwenye stuli chini ya mparachichi, tumbo limetangulia, vyombo vyote ameshatoa nje peke yake. Aliniangalia tu, halafu akaangalia mawingu.

Mkwe wangu anaitwa Wesley. Ndiye alikuwa mwandishi wa kamati ya malaria ng'ambo, kijana msafi, anaongea vizuri sana kwa baraza. Alikuwepo siku hiyo kwa sababu mkutano ulikuwa umeahirishwa. Hatukuwahi kusimama karibu mimi na yeye. Tulisalimiana kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa.

Nikamwambia Chebet kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Mwambie baba wa hii nyumba kwamba ukuta ni wake na mikono anayo."

Chebet hakuhitaji kumwambia. Wesley akasema, akimwangalia Chebet, "Mwambie mama sijui hiyo kazi."

"Mwambie nitamfundisha."

"Mwambie atanifundishaje na hawezi kuingia?"

"Mwambie avae kwanza."

Hapo kukawa na shida nyingine. Ovaroli ya kupigia dawa ndani nilikuwa nimeivaa mimi, na kijana hawezi kuvaa nguo ya mama mkwe wake hata akiwa anakufa baridi. Kila mtu akamwangalia Arap Langat. Mzee wa watu akaenda nyuma ya ghala, akavua ovaroli yake, akairusha upande wetu. Alibaki huko na kaptula yenye historia ndefu na gunia la mahindi kiunoni, na hakuonekana tena mpaka kazi ikaisha. Nimeona wanaume wakisifiwa kwa mambo madogo kuliko hilo.

Wesley akaingia chumbani kwake na pampu. Mimi nikachukua fimbo nikasimama nje, upande wa pili wa ukuta. Ni nyumba ya udongo, ukikwaruza nje unasikika ndani. Nikaweka ncha ya fimbo juu chini ya mabati, nikaishusha polepole nikikwaruza, kwa mwendo ule ule mkono unatakiwa kwenda. Ndani nikasikia dawa inafuata. Nikapiga hatua moja kando, nikapandisha fimbo. Dawa ikapanda. Akienda haraka, nilikuwa nasimama nagonga ukuta, na yeye anarudi pale. Akisahau kutikisa, nilikuwa nagonga mara mbili. Tulizunguka chumba chote hivyo, mkwe na mkwe, ukuta katikati yetu. Ukuta wa upande wa sebule niliukwaruza nikiwa sebuleni, huko ruhusa ninayo. Mmoja wa wazee aliniambia baadaye kwamba alidhani tunaomba.

Kuna mahali alisimama. Ilikuwa ni ukuta wa kichwani mwa kitanda. Nilikwaruza, dawa haikuja. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, ndipo dawa ikaanza, polepole sana, polepole kuliko nilivyotaka, na sikumharakisha.

Alipotoka alinawa, akavua, ovaroli ikarushwa nyuma ya ghala. Mlango ukafungwa, maana lazima dawa ikauke kabla mtu hajarudi ndani. Tukakaa uwanjani kungoja. Mimi nilikaa nimempa mgongo, yeye amenipa mgongo, Chebet katikati kwenye stuli yake.

"Mwambie mama mkono wangu umekufa," akasema Wesley.

"Mwambie utafufuka kesho," nikasema.

Chebet akacheka kidogo. Wesley hakucheka. Akasema, "Muulize mama. Huo ukuta wa kichwani, upande anaolala mtu, uko na madoa mengi nyekundu na nyeusi. Ni uchafu gani? Dawa inashika juu ya uchafu?"

Nilifungua mdomo nijibu mambo ya dawa. Chebet aliwahi.

"Hiyo si ya kuuliza mama," akasema. "Hiyo ni mimi. Ni mbu niliua na mkono."

Wesley akamgeukia.

"Wewe unaingia ukiwa umechoka, unalala," Chebet akasema. "Mimi naketi. Akitua ukutani ameshashiba, namponda hapo. Hiyo damu ni yangu. Nyingine labda ni ya yule mtoto, sijui."

Hakulia, na hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mimi mama yake sikuwa najua. Niliangalia mikono yangu, na wazee wakaangalia gambuti zao.

Wesley akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilidhani ameenda kujificha kama Arap Langat. Alirudi na neti. Ilikuwa ni neti ya Chebet, ile aliyopewa kliniki kwa ajili ya mimba, na mimi kumbe kila siku nilikuwa nadhani iko juu ya kitanda. Ilikuwa juu ya miche ya kabichi. Wesley alikuwa anauza miche, kuku walikuwa wanaisumbua, na neti ilikuwa inawazuia vizuri sana. Kabichi za mwandishi wa kamati ya malaria hazikuumwa na mbu hata mmoja.

Alisimama nayo, imejaa matope na majani makavu, hajui aiweke wapi.

"Neti inaoshwa kwanza," Chebet akasema. "Sabuni ya kipande. Si ya unga, hiyo inamaliza dawa. Na uianike kivulini."

Akaenda akachota maji, akapiga magoti kwenye beseni, akaosha. Watu wa ng'ambo walipita kwenye njia wakamwona mwanaume mzima anafua mchana. Mmoja akamuuliza kama mke wake ni mgonjwa. Wesley akamjibu, "La. Ndio maana nafua." Tangu siku hiyo nikaanza kumpenda huyo kijana, kwa mbali, macho chini.

Mvua ilikuja, na ilikuwa mbaya. Ng'ambo kulikuwa na nyumba ambazo wazee walipiga sebule peke yake, na mimi sikuwahi kuzirudia zote. Watu waliugua kwenye hizo nyumba. Siwezi kusema dawa yetu ilifanya muujiza, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nasikia mvua juu ya mabati yangu, na kila asubuhi nilikuwa nasimama kwenye ukingo wa shamba la chai nikiangalia kama moshi wa jikoni kwa Chebet umetoka. Ulitoka kila asubuhi. Mimba ikafika mwisho wake. Alizaliwa msichana, mzito, mwenye sauti ya kuudhi.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, chifu akaitisha baraza la kushukuru. Siku hiyo wanawake waliruhusiwa kuja kwa sababu lazima kuwe na chai. Mimi nilipewa birika kubwa. Chifu akaongea juu ya ushujaa wa jamii. Akaongea juu ya kamati. Akamwita Wesley mbele, mwanaume wa kwanza wa eneo lake kupiga dawa chumba chake mwenyewe, na akasema sasa huyu ndiye atakuwa mwenyekiti, mfano kwa wanaume wote.

Wesley akasimama. Akasema, "Mimi nilifundishwa."

"Na nani?" chifu akauliza.

Sasa kwetu mwanaume hataji jina la mama mkwe wake mbele za watu. Ni heshima. Niliona mdomo wake ukifunguka, ukatafuta njia, ukakosa. Akaangalia chini. Akasema, "Na mtu aliyekuwa nje ya ukuta."

Watu wakacheka, wakadhani ni mfano wa kanisani. Arap Langat alicheka kuliko wote, akijua. Chifu akasema basi tumpigie makofi yeye na kamati yote, wakapigiwa. Halafu akakumbuka, akageukia upande wetu. "Na akina mama," akasema, "tunashukuru sana kwa chai."

Nikaenda nikamjazia kikombe. Mjukuu wangu alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso, amelala tangu chifu aanze kuongea. Nikapeleka mkono nyuma, nikashika mguu wake. Haukuwa na joto la homa.